Gauni la Lady Macbeth: lishone kwa ukato wa kanzu, lipambe kwa chupa za soda

Kama kikundi chenu cha maigizo au shule yenu inataka kupandisha Macbeth ya Shakespeare stejini, iwe kwa Kiingereza au kwa ile tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968 inayoitwa Makbeth, jueni mapema kwamba bajeti ya mavazi itaishia kwa wanaume, maana ndo wengi, mara majoho mara mikanda mara mapanga, afu huyu mama, Lady Macbeth, mke wa Macbeth mwenyewe, ambaye watu wote watatoka ukumbini wanamzungumzia yeye anavalishwa gauni la send-off la dada wa mtu. Jamani tusifanye hivo. Mwongozo huu ni wa gauni moja tu, la kwake, na naandika kwa mtu anayeweza kukanyaga cherehani na kushona mshono ulionyooka, au basi anayemsimamia fundi na anataka kujua amwambie nini.

Kitu kimoja kishike kuanzia mwanzo mpaka mwisho: vazi la stejini halishonwi kwa ajili ya anayelishika mkononi, linashonwa kwa ajili ya taa na kwa ajili ya yule aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Ukilishika karibu likawa na nyuzi zinaning'inia na rangi ya kucha juu yake haina shida. Kinyume chake ndo balaa, unakuta nguo nzuri ya bei, mishono safi, afu kutoka mstari wa kumi inaonekana shuka.

TUNAIGA GAUNI GANI

Lipo gauni maarufu la huyu mama na lipo mpaka leo. Tarehe 29 Desemba 1888, ukumbi wa Lyceum London, mwigizaji Ellen Terry alitoka akiwa Lady Macbeth, mume wake wa mchezoni ni Henry Irving aliyekuwa anauendesha ukumbi huo, na gauni lake lilibuniwa na Alice Comyns Carr likashonwa na Ada Nettleship. Lilifumwa kwa kroshia, sufu laini ya kijani pamoja na uzi wa bluu unaometa, maana Carr alitaka kitu kinachofanana na deraya laini ya minyororo na hapohapo kikukumbushe magamba ya nyoka. Haikutosha, wakashonelea juu yake mabawa magumu ya mbawakawa, wale wadudu wa kijani wanaong'aa, kama 1,000 hivi. Mwaka uliofuata mchoraji John Singer Sargent akamchora Terry akiwa amelivaa huku ameinua taji juu ya kichwa kwa mikono miwili, picha iko kwenye jumba la sanaa la Tate kulekule London, itafute uitazame vizuri kabla hujagusa mkasi. Gauni lenyewe linatunzwa Smallhythe Place, Kent, nyumba aliyokuwa anaishi Terry, na lilipofanyiwa ukarabati mkubwa uliomalizika 2011 mafundi walikaa nalo saa zaidi ya 1,300, kwa hiyo ukiona kazi ya kushonea vibawa inakuchosha ujue hauko peke yako.

Sasa, hakuna mke wa mfalme wa Uskoti wa karne ya 11 aliyevaa kitu kama kile. Macbeth wa kwenye historia alitawala kuanzia 1040 hadi 1057 na huko hakukuwa na uzi wa kumeta wa namna hiyo. Mwandishi Oscar Wilde alitania kabisa kwamba huyu mama anamnunulia mumewe nguo za mafundi wa pale kijijini ila za kwake anaenda kununua Byzantium, yaani mbali huko Istanbul ya leo. Lakini watu waliliona wakaamini, basi. Kwa hiyo swali la "hivi kweli walivaa hivi?" liweke pembeni, ukitaka kujibana na historia utaishia kushona gunia la sufu.

Ila kuna bahati moja ambayo wengi hawaioni. Nguo za Ulaya za enzi hizo zilikatwa kwa vipande vilivyonyooka, mbele na nyuma, pembetatu za kuongeza upana chini, na kipande kidogo cha mraba kwapani ili mkono uinuke. Hiyo si ndo kanzu? Badani, taharizi, kikwapa, kila kitu kipo. Ukienda kwa fundi wa kanzu ukamwonyesha picha ya kwenye simu atakuambia hii kazi ngumu na bei itapanda hapohapo, mwambie tu nataka kanzu ya kike, ifungwe kiunoni, taharizi pana nne, mikono ya kufa mtu, utaona anaelewa.

HATUA YA 1: SOMA MCHEZO UKIWA NA PENSELI

Usisome kutafuta maana, hiyo kazi ya dairekta. Wewe tafuta mwili wake unafanya nini. Tendo la 1 onyesho la 5 anasoma barua, kwa hiyo anahitaji mahali pa kuichomeka, mkanda. Tendo la 2 onyesho la 2 anarudisha visu chumbani kwa mfalme na anatoka mikono ikiwa na damu, kwa hiyo mikono ya gauni lazima ipandishike haraka bila kuchafuka. Tendo la 3 onyesho la 4 ndo karamu, yeye ni mwenyeji na ni malkia, hapo joho na taji. Afu tendo la 5 onyesho la 1 anatembea usingizini, nguo ya kulalia, taa mkononi, anajisugua mikono kuondoa damu isiyokuwepo.

Umeona inavyokwenda? Kwenye karamu amejazwa kila kitu, baadaye tunamkuta hana chochote mwilini isipokuwa kitambaa cheupe. Kwa hiyo tunashona nguo mbili, la kung'aa na la kulalia, na hilo la pili tutalipata karibu bure.

HATUA YA 2: VIPIMO

Mpime akiwa amevaa viatu atakavyoigizia, hilo halina mjadala. Chukua kifua, kiuno, hipsi, bega mpaka sakafuni, bega mpaka kiunoni, bega mpaka kifundo cha mkono huku kiwiko kimekunjwa, na unene wa mkono juu pale karibu na kwapa. Afu mwambie ainue mikono yote miwili kama anajivika taji umwangalie nguo aliyovaa inapanda kiasi gani, hapo utaelewa kwa nini nasisitiza kikwapa.

Mimi hapa nitatumia mfano wa dada mwenye kifua 92, kiuno 74, hipsi 100, bega mpaka chini 145, bega mpaka kiunoni 42, zote sentimita. Wewe weka za kwako.

Badani: kifua 92 jumlisha 10 za kupumulia ni 102, nusu yake 51, ongeza 2 kila upande za mshono unapata 55. Urefu wa mbele 145 jumlisha 2 za bega na 5 za pindo ni 152. Nyuma ongeza 40 za kuburuza, 192. Kama steji yenu ni ndogo au ina ngazi hizo 40 ziache kabisa, maana kuna askari mmoja lazima atalikanyaga, na atalikanyaga siku wazazi wamekuja.

Taharizi: zinaanzia kiunoni, kwa hiyo 145 toa 42 ni 103, weka pindo na mshono iwe 110. Utakata mistatili minne ya 44 kwa 110, kila mmoja unaupasua kwa hanamu kutoka kona hadi kona, unapata pembetatu nane, mbili mbili zinaungana kuwa taharizi moja. Zinakaa ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, katikati mbele, katikati nyuma. Hiyo ya nyuma kama unaweka mburuzo irefushe kwa 40 hizohizo. Ukishaziunga zote pindo la chini linakuwa na mzunguko wa zaidi ya meta 4, na hapo akigeuka kwa hasira gauni linamfuata.

Angalia hapa maana ndipo watu wanapoharibu kitambaa: ukipasua mstatili mmoja kwa hanamu zile pembetatu mbili hazitazamani, ukiziunga moja itakuwa imegeuza uso ndani. Dawa yake ni kukunja kitambaa uso kwa uso, unakata tabaka mbili kwa pamoja, basi kila pembetatu inatoka na pacha wake. Chora zote kwenye karatasi ya kaki kwanza, usikate kitambaa kwa kukadiria.

HATUA YA 3: MAREKANI KWANZA

Nunua marekani, ile nguo ya pamba ambayo haijapaushwa, loweka kwenye maji ya moto ifuliwe itoe wanga na irudi kabisa, anika, piga pasi, afu ndo ukate gauni zima kwa hiyo. Mikono usiihangaikie, weka mikono ya kawaida tu. Kama marekani yako ni ya upana mdogo unga katikati, hamna atakayeona.

Mvalishe. Mwambie akae, apige magoti, ainue mikono, atembee kinyumenyume. Panapobana weka alama ya chaki, panapozidi piga pini, na kila badiliko lirudishe kwenye karatasi ya kaki papo hapo kwa sababu kesho utasahau. Hili la marekani usilifumue, lihifadhi vizuri, ndo nguo yake ya kulalia ya tendo la 5. Watu wanashona la majaribio wanalitupa wakati mchezo wenyewe unaomba nguo nyeupe ya pamba.

HATUA YA 4: KITAMBAA

Satini acha. Najua inang'aa, ndo tatizo lenyewe, inang'aa yote kwa pamoja, ukiwasha taa unapata bao moja kubwa la mwanga tumboni na mtu anaonekana msimamizi wa harusi. Tunachotaka ni mng'ao unaokatikakatika.

Njia rahisi ni tabaka mbili. Ndani weka kitambaa kizito kisichong'aa, krepu au pamba nene, kijani kilichokolea kabisa hata kikaribie weusi. Juu yake neti ya pazia yenye tundu zinazoonekana, rangi ya samawati au ya kijani yenye uzi wa kumeta, na hii neti usiiunganishe na cha ndani kila mahali, shika mabegani, ubavuni na kwenye pindo tu, ili akitembea tabaka mbili zipishane. Huo kupishana ndo unaoleta ile hali ya magamba ambayo Carr aliipata kwa kroshia. Mitumba inasaidia sana hapa, pazia za neti zinapatikana kwa bei ya chini kabisa ukichimba, na zikiwa nyeupe unazitia rangi ilimradi ni za pamba, za poliesta rangi ya kawaida ya nguo haiziingii. Chandarua usitumie, hasa chenye dawa, mtu atatoka jasho humo masaa mawili.

Na kama kwenye kikundi kuna mama anayefuma kroshia, mpe yeye kazi ya kifua na mabega tu kwa uzi wa kijani uliochanganywa na uzi wa kumeta, uliobaki fanya neti. Kutoka mbali havitofautiani.

Kiasi: kwa mfano wetu kama meta 6 za kitambaa cha ndani cha upana wa inchi 60, na neti kiasi hichohicho. Bitana ya mikono meta 2, rangi damu ya mzee, nitaeleza.

HATUA YA 5: KUKATA NA KUUNGA

Fuata mpangilio huu, ukiruka utafumua.

Weka neti juu ya kitambaa cha ndani, piga bandi pembezoni mwa kila kipande ili viende pamoja. Unga mabega. Kata shingo, ya duara pana kidogo, na mpasuo mbele wa sentimita 25 kwa sababu atakuwa na nywele ndefu za kusuka na kichwa lazima kipite bila vita. Shingoni weka kaba iliyotiwa gamu, kile kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, ili isilegee, maana uzito wa vibawa utakuja kuvuta hapo. Unga mikono kwenye badani nguo ikiwa imetandazwa wazi, afu kikwapa, kipande cha mraba 14 kwa 14, kona moja inakaa pale mkono unapokutana na badani. Kwa mkono ni rahisi kuliko mashine kwa kweli, na ukifika konani acha sindano ndani ya nguo, inua mguu wa cherehani, geuza, endelea.

Taharizi za ubavuni zinaingia kirahisi. Za mbele na nyuma lazima upasue badani katikati kuanzia chini mpaka kiunoni, na ile ncha ya juu ya mpasuo ndo inapochanika siku ya onyesho, kwa hiyo kabla hujapasua bandika kwa ndani kipande cha gamu kidogo tu pale nchani, afu ndo ukate. Kila taharizi, ule upande ulionyooka uungane na ulionyooka wa pacha wake, na upande wa hanamu uende kwenye badani. Ukikutanisha hanamu na hanamu katikati utapata mshono unaoning'inia ulimi.

Sasa litundike. Usikunje pindo siku hiyo, liache kwenye henga usiku kucha au hata siku mbili, hanamu ishuke inavyotaka kushuka, kesho yake mvalishe na viatu vyake umzunguke na rula ukiweka alama. Ndo unakunja.

Kiuno hakina zipu. Nyuma, kila upande wa katikati ya mgongo, shonea vitanzi vitano vitano vya utepe na upitishe kamba, unavuta kiuno unavyotaka, na mwigizaji akiugua akaja mwingine mwenye mwili tofauti gauni linamkaa. Zile tepu za kunasana zinazotoa sauti ya kuchana msitumie kwenye mchezo huu, kuna onyesho zima ukumbi uko kimya na wewe nyuma ya pazia unamvua mtu joho, kraaaa.

HATUA YA 6: MIKONO

Hii ndo nusu ya gauni. Kila mkono ni kipande kinachotanuka, juu sentimita 50, chini 130, urefu 80 hivi, ukiushusha unafika magotini. Ndani yake bitana ya damu ya mzee. Mikono ikiwa chini hakuna anayeiona hiyo rangi, wote wanaona kijani. Akiinua mikono kuita mapepo yamjaze ukatili, kitambaa kinaanguka nyuma na ile rangi inafunguka mara moja pande zote mbili za uso wake, kwa mara ya kwanza, kabla damu ya mfalme haijamwagika. Taji pia atainua hivyohivyo. Mwambie mwigizaji aitunze, asiinue mikono ovyo kwenye mazoezi mpaka ikawa mazoea.

Chini ya huo mkono mpana mvalishe fulana ya mikono mirefu inayobana, nyeusi au kijani, ya mitumba tu, kwapa na mkono visiwe wazi. Na kwa ajili ya damu ya tendo la 2, shonea kitufe ndani begani na kitanzi kwenye pindo la mkono, akiwa nyuma ya pazia anauning'iniza juu, anapaka damu, anatoka kitambaa kikiwa safi. Damu yenyewe tengenezeni kwa sharubati nzito, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo kuiondolea uwaridi, mchanganye na sabuni ya maji tone mbili tatu ili itoke kirahisi.

HATUA YA 7: VIBAWA

Chukua chupa za soda za plastiki za kijani, zile za nusu lita. Toa lebo, osha, kata juu na chini ubaki na bomba, lipasue lilale. Chora maumbo ya tone la maji, urefu sentimita 3, upana 1.5, chupa moja inakutolea 35 mpaka 40. Unahitaji kama 350, kwa hiyo chupa 10, watoto wa darasa watakuletea ndani ya wiki. Kama mmepata nyeupe tu, zile zisizo na rangi, hakuna neno, rangi tutaipaka.

Washa mshumaa dirisha likiwa wazi, na hii kazi wasifanye watoto. Shika kibawa kwa kikoleo cha nyusi upande wa nchani, kipitishe juu ya moto bila kukigusisha, sentimita nne tano hivi juu yake, sekunde moja au mbili tu, utaona kingo zinajikunja zenyewe na kile kipande bapa kinapata mgongo. Kitoe hapohapo. Kikizidi kinakuwa cheupe na kinasinyaa, tupa chukua kingine. Vya kwanza vichache vitaharibika mpaka mkono uzoee, afu unaanza kwenda navyo haraka, na usitafute vifanane, vikijikunja tofauti tofauti kila kimoja kinashika taa kwa pembe yake na ndo tunachotaka. Pasha sindano nene moto utoboe tundu kwenye ncha.

Rangi ipake kwa ndani, upande wa bonde, usipake mgongo. Rangi ya kucha nyeusi au zambarau yenye chembe za kumeta, tabaka moja tu. Ukikigeuza unakuta plastiki ya kijani juu na giza chini yake, na kile kijani kinapata kina cha ajabu, karibu sawa na mdudu mwenyewe. Ukipaka juu unakuwa umeua mng'ao wa plastiki na umebaki na rangi ya kucha tu. Chupa nyeupe pakeni kwanza kijani kwa ndani, ikauke, afu nyeusi juu yake.

Kushonea: uzi wa poliesta mara mbili, upitishe kwenye kipande cha mshumaa upate nta, kila kibawa pitisha mara mbili ufunge fundo lake peke yake. Najua inachosha. Lakini ukishona mfululizo kwa uzi mmoja, kimoja kikichomoka kwenye onyesho la karamu vinafuatana vyote sakafuni na askari wanateleza. Anza mstari wa chini kupanda juu, kama fundi anavyoezeka vigae, mstari wa juu ufunike matundu ya mstari wa chini.

Usivitawanye gauni zima. Vibawa 350 vikigawanywa sawasawa kutoka shingoni mpaka miguuni vinakuwa madoa. Visongamanishe kuzunguka shingo na mabega, ukanda mpana kwenye kingo za mikono, na vilivyobaki vishuke mbele kwa mstari unaokonda kuelekea tumboni. Kwapani usiweke, makalioni usiweke, na kama mnatumia maiki ya kubana kifuani acha nafasi hapo maana vinagongana na vinasikika.

HATUA YA 8: VINGINE

Mkanda uwe mpana, rangi ya dhahabu, ukae chini ya kiuno juu ya hipsi, ncha zining'inie mbele mpaka magotini. Weka gamu ndani usijikunje. Barua inachomekwa hapo.

Joho ni nusu duara, nusu kipenyo sentimita 150, kwa hiyo meta 3 za kitambaa cha upana wa inchi 60 zinatoka kamili bila kubaki. Mahameli ikipatikana ni sawa, zambarau iliyofifia, vinginevyo blanketi jembamba. Lifungwe mabegani kwa ndoano kwenye gauni, sio shingoni, linakaba na sauti inabanwa.

Nywele: Terry alikuwa na misuko miwili mirefu iliyozungushiwa utepe wa dhahabu. Hapo kwa kweli sisi tunawapita, mpeleke saluni wamsuke rasta mbili nene zifike magotini, wazizungushie utepe, mwisho. Taji tengenezeni kwa waya na kadibodi, lisiwe zito.

HATUA YA 9: LA KULALIA

Lichukue lile la marekani. Toa kamba kiunoni lining'inie tu, mikono ikate iishie juu kidogo ya kifundo ili viganja vyote vionekane akivisugua, maana onyesho zima liko kwenye viganja. Pindo usikunje, chana kidogo kwa mkono nyuzi zitoke. Kama ni nyeupe sana ichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea, nyeupe kali chini ya taa inafuta sura ya mtu. Nywele afumue. Mshumaa uwe wa betri, sio wa moto, tafadhali, mtu anaigiza amelala huku macho yake hayaangalii moto ulipo.

HATUA YA 10: PELEKA GAUNI KWENYE TAA

Lyceum ya Irving iliwashwa kwa gesi, na mwanga wa gesi unachezacheza, kwa hiyo lile gauni lilikuwa linameta hata Terry akiwa amesimama tuli. Taa zetu zimetulia. Mkizipiga kutoka mbele tu gauni litalala. Hamisheni angalau taa mbili ziwe ubavuni, chini, usawa wa kiuno hivi, kila akipumua vibawa vinashika. Kama ni bwalo la shule lenye tyubulaiti, zimeni zile za juu ya steji, azimeni taa mbili za mafundi wa ujenzi muweke karatasi ya rangi ya bluu inayohimili joto.

Na zungumza na dairekta kuhusu taa nyekundu. Lazima atazitaka, kila dairekta wa Macbeth anazitaka, damu eti. Kijani chini ya taa nyekundu kinageuka cheusi, kazi yako yote inazimika hapohapo, vibawa 350 havionekani. Kama ameng'ang'ania basi nyekundu ipigwe ukutani nyuma, kwake yeye ibaki bluu au kaharabu hafifu.

Fanyeni mazoezi ya nguo angalau mara mbili na taa zote, wewe ukae kiti cha nyuma kabisa na daftari, usikae mbele na sindano. Siku ya onyesho beba vibawa 30 vya akiba vikiwa tayari na tundu, sindano tatu zilizotungwa uzi, pini za kufunga, na chaki nyeupe ya kufutia doa kwenye marekani. Likiisha onyesho usilitundike tena, mabega yatavutika kwa ule uzito, lilaze bapa sandukuni na shuka kuukuu katikati ya tabaka ili vibawa visishike neti, na fulana ya ndani ndo ifuliwe, gauni lenyewe lifutwe tu kwa kitambaa chenye unyevu na lianikwe kivulini.